Nguruwe Aliyekataa Kufika Sentimita Mia

Wiki kumi na tano.

Nguruwe wangu alikula wiki kumi na tano mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, na hakuongezeka hata sentimita moja.

Sikuwa nakadiria kwa macho. Mimi ni fundi cherehani, kupima ndiyo kazi inayonilisha. Kila Jumamosi nilimzungushia tepu kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na kila Jumamosi tepu ilisema kitu kilekile. Tisini na sita.

Nikaleta mtu wa dawa za mifugo, akampa dawa ya minyoo. Tisini na sita.

Nikabadilisha pumba. Tisini na sita.

Nikamwombea. Usicheke. Nilisimama bandani, nikafumba macho, nikamwombea nguruwe. Nilipofumbua, tisini na sita.

Kabla hujaniambia kwamba nilirogwa, tulia nikueleze ilivyoanza. Na ukifika mwisho usinitukane sana, nimeshatukanwa vya kutosha na watu wa nyumbani kwangu.

Ilianza mezani. Siku hiyo nilitumwa nyama, nikaenda kwa muuza nyama wa mtaani kwetu, yule tunayemwita Mifupa. Jina lenyewe linakueleza. Anakukatia huku anakuchekesha, ukifika nyumbani ukifungua karatasi unakuta umebebeshwa goti la ng'ombe.

Mke wangu akapakua. Mimi, baba mwenye nyumba, nikapata mfupa mtupu.

Nikaunyanyua ule mfupa na mchuzi wake, nikavuka nao barabara hadi buchani.

"Mifupa, hiki ni nini?"

Akakitazama kwa makini. "Ni mfupa, fundi. Unaumwa?"

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko. Na mimi nina tatizo moja, nikichekwa naongea kabla sijafikiri.

"Sikia. Kuanzia leo nyama yako siinunui tena. Nitafuga mwenyewe, nile mwenyewe!"

"Wewe?" Mifupa akafuta kisu kwenye aproni. "Wewe fundi, fuga sindano."

Nikarudi nyumbani masikio yanawaka moto. Wiki hiyohiyo nikanunua mtoto wa nguruwe, wa miezi miwili, mweupe, kelele zake mtaa mzima ulijua nimenunua nini.

Sasa, nyumbani kwangu tunaishi watatu wakubwa: mimi, mke wangu na mama mkwe. Mama mkwe alikuja kuishi nasi alipofiwa na mumewe. Ni mama mpole, mwembamba, hapandishi sauti. Maisha yake yote alifuga. Mbuzi, nguruwe, sungura, bata, kila chenye mdomo kimepita mikononi mwake.

Nilipomwaga yule mtoto wa nguruwe kutoka kwenye gunia, mama mkwe akamsogelea, akamwinua mkia, akamwangalia.

"Baba, huyu ni jike."

"Najua, mama."

"Jike haliwi hivi hivi. Unamwacha azae kwanza, kisha mnakula watoto wake, mwaka hadi mwaka. Ukimla mama mtu, umekula banda zima kwa wiki moja."

Nikacheka. Ninaandika hapa naona aibu, lakini nilicheka kabisa, tena kwa sauti.

"Mama, hayo ya zamani. Wewe tusaidie jikoni. Mambo ya vipimo niachie mimi."

Mke wangu alinikata jicho ambalo sitalisahau. Mama mkwe yeye akajifuta mikono kwenye kanga.

"Haya, baba."

Wewe uliyeoa, nakuomba unisikilize. Mama mkwe wako akikujibu "haya, baba" kwa sauti ndogo namna ile, usilale. Amka uombe radhi. Mimi nililala usingizi mzuri.

Aliyeniuzia alikuwa ameniambia hivi: nguruwe akifika sentimita mia kifuani, huyo ni wa kuchinja. Kwa fundi cherehani hiyo ilikuwa habari tamu. Nikachukua chaki yangu ya kukatia, nikaandika kwenye mlango wa banda kwa tarakimu kubwa: 100. Na nguruwe nikampa jina, Kitoweo, ili mtu yeyote asije akajifanya kumzoea.

Nikatangaza pia sheria. Mfugaji hanunui nyama. Hakuna nyama kuingia ndani ya nyumba hii mpaka Kitoweo afike mia.

"Yaani tule nini miezi yote hiyo?" mke wangu akauliza.

"Maharage. Maharage yana kila kitu."

"Yana kila kitu ila nyama."

Siku chache baadaye, mezani, mama mkwe akajaribu tena, kwa upole kabisa. Akasema kule kwao jike wa kwanza haguswi. Mimi nikapandwa na jazba, mbele ya sahani ya maharage.

"Mama, tumalize maneno. Ikifika mwisho wa mwezi wa kumi kama hamjala nyama kutoka kwenye banda lile, basi banda ni lako. Nguruwe ni wako. Na mimi kuhusu nyama sitafungua tena mdomo ndani ya nyumba hii."

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Umesema."

"Nimesema."

"Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia, mwanangu."

Basi, nikawa nimejifunga kamba mwenyewe. Banda langu, heshima yangu, sauti yangu ndani ya nyumba, vyote vikaning'inia kwenye kifua cha nguruwe.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Kitoweo alikula mpaka maganda tuliyotaka kutupa. Mwezi wa tano akafika themanini. Mwezi wa sita, tisini. Wateja wangu wakija kupimwa nguo nawapitisha kwanza bandani, nampima mbele yao, nawaonyesha namba. Mifupa akipita nje namwita kwa makusudi.

"Tisini na mbili, Mifupa! Noa visu vyako uuzie wengine!"

"Hongera, fundi. Maharage je, hayajambo?"

Mwezi wa saba ulipoanza nikapata kazi ya sare za shule ya bweni, ikanibidi nikalale huko siku nne nikiwapima watoto. Niliporudi nilimkuta Kitoweo ametulia, kimya, hasumbui mlango kama kawaida yake. Nikasema safi, ananenepa huyo.

Na mama mkwe akawa amebadilika. Upendo mtindo mmoja! Ananiwekea maji ya kuoga, ananiuliza nimechoka. Siku moja akanifuata dukani, mle chumba cha mbele ninamoshonea.

"Baba, hiyo tepu yako."

"Imefanya nini, mama?"

"Imechakaa kwa uchafu. Unamzungushia nguruwe, halafu unawazungushia watu wa watu viunoni. Wakiona kinyaa je? Kila Ijumaa uniachie niifue."

Nikaguswa moyoni. Ijumaa ni siku yangu ya kwenda kununua vitambaa na nyuzi, tepu siitumii. Nikawa namwachia mchana, jioni nakuta amenirudishia imekunjwa vizuri, inanukia sabuni.

Nilimsifia kila mahali. "Jamani, kuna mtu hapa mama mkwe wake anamfulia tepu?" Hakuna aliyenyoosha mkono.

Na kuanzia hapo ndipo Kitoweo akagoma. Tisini na sita, tisini na sita, tisini na sita.

Ila dukani, ndugu yangu, baraka zilifunguka.

Akaja mteja wangu mmoja, mwalimu, mama wa mwili wake. Nikampima kiuno. Nikaangalia kwenye daftari kipimo chake cha zamani, nikaangalia tepu, nikaangalia daftari.

"Mwalimu, umepungua sentimita saba."

"Nini?"

"Saba."

Alipiga kigelegele mlemle dukani. Alishona gauni mbili badala ya moja. Kesho yake akaleta dada zake wawili, nao wamepungua. Dada zake wakaleta mashoga zao. Nao wamepungua! Ikavuma kwamba ukipimwa kwangu mwili unakata. Foleni mpaka nje. Na nguo zilikuwa zinawakaa vizuri, hakuna aliyelalamika.

Nikajipima na mimi. Nilikuwa tisini na nane kiunoni, sasa themanini na saba. Nikamwita mke wangu kwa fahari.

"Unaona? Maharage hayo!"

"Mbona suruali inakubana?" akaniuliza.

"Imerudi kwa kufuliwa."

"Zote?"

"Sabuni za siku hizi hizi."

Zipu nazo zikaanza kunitia wasiwasi. Zipu ya sentimita ishirini, nikiipima naikuta kumi na saba na kitu. Nikalaani kiwanda. Nikabadilisha muuzaji. Nikalaani na hicho kiwanda kingine.

Mke wangu jioni moja akasimama mbele ya banda, mkono kiunoni. "Baba watoto, mbona huyu nguruwe hawezi tena kugeuka humo ndani?"

"Unamwona mkubwa kwa sababu unamwona kila siku."

"Si ningemwona mdogo?"

"Mke wangu, macho yanadanganya. Tepu haidanganyi."

Akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia kwa sababu ya kukosa nyama. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia vumilia.

Mwezi wa kumi ukaingia, na mimi nikaanza kukosa usingizi. Wiki mbili zimebaki. Nikifikiria kumkabidhi mama mkwe ufunguo wa banda mbele ya mke wangu, na Mifupa kule ng'ambo akisikia, nageukageuka kitandani mpaka jogoo awike.

Sasa hapa ndipo penye ile Jumamosi ya aibu. Niliamka mapema, nikamnywesha Kitoweo ndoo mbili za maji yenye pumba. Kisha nikakunja taulo mara mbili, nikalipachika kifuani mwake chini ya tepu. Ndiyo, nilitaka kuiba. Nakiri.

Tisini na nane. Hata kwa wizi!

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Baba, hilo taulo ni la nini?"

"Asipate... asipate baridi, mama."

Jasho lilikuwa linamtoka kila mtu siku hiyo. Mama mkwe akalitazama taulo, akaitazama tepu.

"Haya, baba."

Jumamosi iliyofuata nikarudia na taulo lilelile. Tisini na sita. Nikakaa juu ya pumba.

Kilichoniokoa, au kuniangamiza, sijui niseme lipi, ni walinzi.

Kuna kampuni ya ulinzi ilinipa kazi ya sare kumi na nane. Mkuu wao hakuwa na muda wa kuwaleta vijana wapimwe. Aliwapima mwenyewe huko kwake, akaniletea karatasi yenye vipimo vyote, mtu kwa mtu. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi, nikawapelekea. Kazi safi, niliipenda mwenyewe.

Jumatano, siku tatu kabla ya mwezi kwisha, nasikia miguu nje ya duka. Natoa kichwa, namkuta mkuu wa walinzi amekunja uso, nyuma yake wamejipanga walinzi watano.

Watano wote wameshika suruali kwa mkono. Mikono ya mashati imewafunika vidole. Mmoja kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, naye hawezi kuisukuma, maana akiachia suruali itaanguka.

"Fundi," mkuu akasema taratibu, "mwizi akija, hawa watamkimbizaje?"

"Vipimo ni vyako, mkuu. Nimefuata karatasi."

"Huyu ameandikwa themanini na nne. Mpime hiyo suruali."

Nikatoa tepu yangu shingoni, nikaipima mbele yake. Themanini na nne kamili. Nikamtazama kwa ushindi.

Mkuu akaingiza mkono mfukoni, akatoa tepu yake. Akapima suruali ileile.

Tisini na saba.

Tukatazamana. Akalaza tepu yake mezani, nami nikalaza yangu kandokando, mwanzo kwa mwanzo. Tepu yake ikaishia pembeni ya meza. Yangu ikaendelea, ikaning'inia chini, imezidi shubiri nzima. Zote mbili zimeandikwa mia na hamsini mwishoni.



Sikia sasa ujinga wangu ulivyokuwa mzuri. Tepu ilikuwa imevutika. Lakini ile ninayompimia mteja ndiyo ileile ninayokatia kitambaa, kwa hiyo uongo wa mwilini unalingana na uongo wa kitambaani, nguo inamkaa sawasawa. Ningeweza kushona hivyo mpaka nizeeke. Mpaka mtu alete vipimo kutoka nje ya duka langu.

Na kama wateja hawakupungua... na kama mimi sikupungua...

"Mkuu, niazime tepu yako!"

Sikungoja jibu. Nikakimbia uani nayo, mkuu nyuma yangu akidhani natoroka, walinzi watano nyuma yake wameshika suruali. Nikaruka ndani ya banda, nikamzungushia Kitoweo.

Mia moja na kumi!

Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Kitoweo aliipita mia siku nyingi, mimi namnyima ushindi wake! Nikamkumbatia mkuu wa walinzi. Nikamwahidi sare zote upya, bure, apendavyo.

Siku tatu. Nilikuwa na siku tatu, na nyama ilikuwa imesimama mbele yangu inanusa viatu vyangu.

Hata sikujiuliza sana tepu ilivutwa na nani. Niliona ni joto, ni uzee wa plastiki. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani ana muda wa kujikagua akiwa na furaha?

Nikameza kiburi, nikaenda kwa Mifupa. Kuchinja mwenyewe sijui, ukweli ndio huo.

"Mifupa, kesho asubuhi uje unichinjie."

"Kesho?" Akaanza kuhesabu vidole, midomo inamchezacheza. "Kesho hasa?"

"Kesho hasa."

"Haya bwana. Nitakuja." Akageuka, akacheka peke yake kwenye ndoana za nyama. Nikasema cheka, uchungu wa kushindwa huo.

Nyumbani nikatangaza kwa sauti ya baba mwenye nyumba. Mke wangu akainama kwenye sufuria. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage.

"Kesho, baba? Huwezi kungoja hata keshokutwa?"

"Hata saa moja, mama. Ulichosema umesema, nilichosema nimesema."

Aliinuka, akaenda bandani na kapu la majani makavu.

Asubuhi nilivaa koti kuukuu, nikanoa hata kisu ambacho nisingekitumia. Mifupa akafika. Mkono mmoja kabeba visu vyake ndani ya gunia, mkono wa pili kapu tupu limetandikwa nguo kuukuu ndani.

"Kapu la nini?"

"La kubebea changu," akasema.

"Chako kipi? Safari hii mifupa yote ni yangu."

"Twende, fundi."

Nikafungua mlango wa banda.

Kitoweo alikuwa amelala ubavu juu ya majani makavu, anapumua kwa nguvu. Mama mkwe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imekunjwa hadi kwenye kiwiko, mapajani ana vipande vya kitambaa changu cha popilini, kile kizuri. Mke wangu kachuchumaa pembeni na beseni la maji ya uvuguvugu.

Na pale kwenye matiti ya Kitoweo, wamejipanga vitu vinne vidogo, vyeupe, vinanyonya kama vinadai. Mbele ya macho yangu kikatoka cha tano.

"Funga mlango, baba," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Unawaingizia upepo."

Nikafunga. Nikabaki nimesimama na kisu.

"Hawa... hawa ni nani?"

Mifupa akaninong'oneza. "Ni nyama yako, fundi. Ila bado ndogo."

Nikakaa chini. Alitoka wa sita, wa saba. Mama mkwe anampokea kila mmoja, anamfuta pua, anampeleka kwenye titi, anamsemesha. Wa nane hakupumua. Mama mkwe akamshika, akamsugua mbavu kwa kile kitambaa, akampuliza puani, akamsugua tena. Halafu kakapiga chafya, kakalia. Na mimi, sijui kwa nini, machozi yakanitoka.

Walifika kumi na mmoja.

Ndipo akili ikanirudia. "Alipata wapi mimba? Hajawahi kutoka humu ndani!"

Mama mkwe na mke wangu wakamtazama Mifupa.

"Dume ni langu," Mifupa akasema, ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule. "Nililileta na mkokoteni. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Malipo yangu ni mtoto mmoja." Akanionyesha kapu.

"Wewe Mifupa!"

"Mimi nilifuata mteja. Mteja ni mama."

"Na tepu?" Nikamgeukia mama mkwe. Hapo tayari nilikuwa nimeshajua.

"Tepu niliivuta mimi, baba." Alisema huku anamsogeza mtoto aliyekosa nafasi. "Naichemsha kwenye maji ya moto mpaka ilegee. Ncha moja naifunga kwenye msumari, ncha nyingine natundika pasi ya mkaa. Kila Ijumaa kidogo, kadiri alivyoongezeka."

"Na ile wiki ya taulo?"

"Ile nilitundika pasi mbili."

Mke wangu akajiziba mdomo kwa kanga. Nikamgeukia na yeye. "Kumbe na wewe ulijua!"

"Mimi nilichemsha maji tu."

Hasira ikanipanda, ya kweli kabisa. Miezi yote hiyo! Dawa za minyoo, maombi, zipu, viwanda vya watu nimevilaani! Nikasimama.

"Mama, kwa nini? Ungeniambia tu!"

Mama mkwe akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama moja kwa moja tangu aje kuishi kwangu.

"Nilikuambia, baba. Siku ya kwanza nilikuambia, na mezani nikakuambia tena. Ya kwanza ulicheka, ya pili ulinipigia kelele. Ningekuambia mara ya tatu ungenifanyaje? Na mimi nimekaa kwako, siwezi kugombana na mkwe ndani ya nyumba yake."

Nikakumbuka siku ile nilipomcheka, akajifuta mikono, akaenda zake jikoni nilikomtuma. Mtu aliyefuga miaka hamsini. Niliona aibu mpaka shingo ikawa nzito.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nimekusamehe zamani. Shika huyu, umpashe joto."

Akanipakatisha yule wa nane.

Mwezi ukaisha bila nyama mezani. Tarehe mosi nikafuta ile mia mlangoni kwa kitambaa kibichi, nikampa mama mkwe ufunguo. Wala hakunisimanga. Aliuchukua, akaufunga kwenye pindo la kanga, akanipangia zamu za kusafisha.

Unadhani yameishia hapo? Ngoja.

Nilinunua tepu mpya. Siku ya kwanza kuitumia akaja yule mwalimu, anatabasamu, anageuka mwenyewe nimpime. Nikampima. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Umeongezeka kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Kumi na moja."

Alichukua mkoba wake, akatoka. Dada zake wakafuata, mashoga zao wakafuata. Kwa wiki mbili hakuingia mtu dukani isipokuwa walinzi kuja kupunguziwa suruali. Nilikaa na cherehani yangu tunatazamana.

Mama mkwe akaja, akapiga msumari wa pili ukutani, akatundika ile tepu ndefu pembeni ya mpya.

"Waulize wenyewe," akasema. "Anayetaka nguo mpime kwa hii fupi. Anayetaka furaha mpime kwa hii ndefu. Nguo zitawakaa vilevile."

Mwalimu alirudi. Anajua kila kitu, nilimweleza mwenyewe. Alisikiliza hadithi yote, akacheka mpaka akashika meza, halafu akanionyesha kidole ukutani. "Ndefu."

Sasa hivi tunakula nyama. Madume sita walikua, mama mkwe ndiye anayeamua nani na lini, kwa kuwapapasa mgongo tu, hapimi. Wa kwanza alipoliwa mlo wote ulikuwa wa kwetu, kuanzia chumvi ya kukaushia aliyoipaka yeye hadi mafuta aliyoyahifadhi kwenye mtungi. Majike tumebaki nao wawili, mama yao bado yupo, na ana mimba tena. Mifupa ananunua kwetu. Nyama anayopewa ni ya paja, lakini mfupa hakosi, hilo nililisimamia mimi.

Somo nililolipata nakuachia bure. Ukiona mambo yako yote yanakukaa sawasawa, usitambe haraka. Inawezekana unajipima na kujikata kwa tepu moja. Siku moja moja azima ya mwenzako, na zaidi ya hapo, nyumbani kwako kama kuna mama aliyeanza kazi hiyo kabla hujazaliwa, akikuambia neno kaa chini umsikilize mpaka mwisho.

Mimi naishia hapa. Leo ni zamu yangu ya kutoa samadi, na nimeshaitwa mara mbili.